Uzi wa 96

Jumamosi, usiku

Nimeketi kwenye kitanda cha kufumia tangu saa tatu asubuhi, na nilichofuma hakifiki hata shibiri.

Huu ni mtande wangu wa kwanza (zile nyuzi za urefu) kuutanda peke yangu: nyuzi 240 za pamba, 12 kwa kila inchi, ili nipate mtandio wa upana wa inchi 20. Nilipofika safu ya kumi hivi nikaona mstari unashuka kati ya kitambaa kama mshono. Nyuzi tatu zilizokaa pamoja zilikuwa zinapanda pamoja na kushuka pamoja, mshindio, ule uzi wa kukingama, ukiziruka.

Nikahesabu kutoka ukingoni, mara mbili. Uzi wa 96. Ulikuwa wa fremu ya nne kati ya zile zinazopandisha na kushusha nyuzi, nami nikaupitisha ya tatu, ndiyo maana ukapanda na jirani zake. Najua hata kosa lilitokea lini: jana jioni umeme ulikatika, nikaendelea kwa mwanga wa simu.

Nikashika mkasi ili nianze upya. Fundi akanishika mkono. "Taratibu, mwanangu. Huo ni uzi mmoja tu."

Akachukua uzi imara wa pamba, akaukunja mara mbili, akaufunga kwenye ufito wa chini wa fremu ya nne. Akapiga fundo, akaacha nafasi ndogo, akapiga la pili, kisha akafunga ncha kwenye ufito wa juu. Ile nafasi kati ya mafundo mawili ndiyo ikawa tundu, usawa uleule na matundu ya waya za jirani, zile za fremu zinazopitisha nyuzi. Aliupima kwa jicho tu. Mimi nikafumua zile safu kumi, nikafungua fundo la mbele, nikauchomoa uzi wa 96 kwenye kitana, lile chanuo linalozitenga nyuzi, na kwenye waya wake, nikaupitisha tundu jipya, nikaurudisha kwenye pengo lake la kitana. Waya wa fremu ya tatu umebaki mtupu, na haudhuru kitu.

Kilichoniuma zaidi ni ulegevu wa kingo. Nilipouviringisha mtande kwenye mti wa nyuma sikuweka karatasi, na nyuzi za juu zikazama katikati ya za chini. Ikabidi niufungue wote. Mdogo wangu akaushika kwa mbele, ameuvuta sawasawa kwa mikono miwili, nami nikauviringisha tena, kila mzunguko karatasi ngumu ya kaki. Saa nzima, na mabega yanauma hadi sasa.

Kabla ya kuondoka nilikanyaga vikanyagio vyote kimoja kimoja, nikichungulia nyuzi kwa ubavuni. Zimepishana zote. Kile kitanzi cha fundi kinaonekana cheupe kati ya waya.