Sijamwaga Mchele

Jumapili usiku.

Mvua ya ziwani inapiga bati tangu magharibi, na kwa bahati umeme haujakatika. Mdogo wangu yuko mkekani na sahani ya karanga, anaangalia Murder on the Orient Express, ile ya 2017 ambayo Kenneth Branagh ameiongoza na kuigiza mwenyewe kama Hercule Poirot, mpelelezi anayemsaka muuaji ndani ya treni. Hajui inavyoisha. Mimi najua, na tangu ianze nimefumba mdomo.

Utamu huo mimi nilinyimwa. Nilikuwa darasa la sita, kwenye kibanda umiza kule Kirumba, Mwanza, harufu ya dagaa wa soko la Mwaloni imejaa mpaka ndani. Walikuwa wanaonyesha ile ya 1974. Mtafsiri alikuwa na sauti tamu kweli, lakini treni haijakwama hata kwenye theluji, keshatoboa siri yote. Watu wakacheka. Mimi hela ya kiingilio niliipata kwa kubebea watu maji, na ile hasira bado ninayo. Hadithi ya upelelezi mtu huikuta bila kujua mara moja tu. Mara yangu aliichukua yeye.

Kwa hiyo kwa miaka mingi nilikuwa nasema, hadithi ya kitabu cha 1934, siri yake imeshazagaa dunia nzima, wanairudia ya nini? Nilikoma kusema hivyo nilipoiangalia tena ile ya 1974 nikiwa mtu mzima. Kuna pale Ingrid Bergman anapohojiwa: kamera inamng'ang'ania karibu dakika 5 bila kukatwa. Asiyejua anasikiliza majibu. Anayejua anamtazama macho, anaona kazi anayoifanya yule mama. Oscar aliyopewa kwa uigizaji ule ilikuwa haki yake kabisa.

Lakini hilo mdogo wangu atalipata baadaye. Leo ana lake. Amepanga karanga kwenye mkeka, kila abiria karanga yake, na anayemwondolea shaka anamtafuna. Zilikuwa zimebaki tatu. Sasa hivi amechukua moja kutoka kwenye sahani, akairudisha kwenye mstari polepole.

"Dada, yule nilimwachia mapema, eti?"

"Endelea kuangalia."

Amesimamisha muvi, ananichunguza usoni. Nimegeukia dirishani, nasikiliza mvua.