Siku moja maabara: mikojo ya wodi ya wanaume

Saa 1:30 asubuhi. Chai baadaye, kwanza inkubeta, kabati la joto la kuoteshea bakteria. Sahani zilizolala humo kwa nyuzijoto 35, nyingi ni za wazee wa tezi dume waliowekewa mpira wa mkojo. Agari ya CLED, chakula cha bakteria kilichomo sahanini, ikigeuka njano, aghalabu nimekutana na bakteria E. coli au Klebsiella.

Saa 3. Rula mkononi, napima maduara ambamo dawa imezuia bakteria kuota. Mzee mmoja ana homa tangu juzi. Sahani yake ya usugu inatisha: siprofloksasini haina duara kabisa, bakteria wameota hadi ukingoni mwa kidonge cha karatasi chenye dawa. Seftriaksoni, vilevile. Bakteria hawa wana vimeng'enya vya ESBL, vinavyovunja dawa kama seftriaksoni. Meropenemu imewasafisha vizuri, nitrofurantoini pia.

Daktari kijana anafurahi kusikia nitrofurantoini, maana ni ya kumeza na bei yake inabebeka. Namkumbusha: dawa ile hufanya kazi kwenye kibofu tu, haifiki vya kutosha kwenye figo wala damu. Mwenye homa haimfai. Basi ni meropenemu, sindano kila baada ya saa 8, na ndugu wajipange kwa gharama.

Saa 5. Kopo jipya la mkojo. Napiga simu wodini. “Sista, huu umetoka kwenye mfuko wa mpira?” Kimya. Narudisha. Mkojo uliokaa mfukoni huota kila kitu, na majibu yake humtibu mgonjwa asiyekuwepo. Kama mpira umezidi wiki mbili, ubadilishwe, sampuli itoke kwenye mpira mpya.

Saa 7. Mwingine sahani yake imeota bakteria Pseudomonas. Hana homa wala maumivu, ana mpira tu. Mpira ukikaa, bakteria hujijengea utando ndani yake. Kuwapiga dawa hapo ni kuwafundisha usugu. Nauliza: anakwenda kukwanguliwa tezi dume? Hapana. Basi aachwe. Angekuwa anakwenda, tungemtibu kabla, kwani upasuaji ule huweza kuwaingiza bakteria kwenye damu.

Saa 8. Kijana dirishani: “Dada, niandikie tu jina la dawa nikamnunulie baba.” Namwelekeza kwa daktari. Ananuna.

Saa 9:30. Naotesha mipya. Kitanzi changu cha kuchotea mkojo hubeba mikrolita 1, yaani sehemu ya elfu ya mililita, hivyo koloni (vishada vya bakteria) 100 ni sawa na bakteria 100,000 kwa mililita. Majibu kamili kesho kutwa. Simu ya wodini imeshalia kuyaulizia.