Tulivyomwandikia mzee wosia huku Rungwe

Kwetu Rungwe, mkoani Mbeya, Tanzania, ukimtajia mzee wosia anaona unamchuria kifo, ndo maana kwa baba sikuanzia huko, nilianzia shambani. Nikamuuliza, baba, hii chai na hii miparachichi, ukiondoka kesho mama nani atamtetea? Akanyamaza. Baada ya muda mwenyewe akaniita, akasema haya nitafutie mtu anayejua hayo mambo.

Nikampata wakili pale Tukuyu. Alichokazania ni mashahidi, maana hapo ndo wosia mwingi unaangukia ukifika mahakamani. Kwa sheria za mila zilizotangazwa 1963, wosia wa mdomo unataka mashahidi wanne, wawili wa ukoo na wawili wa nje. Wa maandishi, kama mwenye wosia anajua kusoma na kuandika wanatosha wawili, mmoja wa ukoo na mmoja wa nje, kama hajui basi wanne, na mke aliyepo nyumbani naye anashuhudia. Baba anasoma vizuri tu lakini nikaomba tuweke wanne, kwenye ardhi huwa sipendi kubahatisha. Wakili akashauri pia warithi wasiwe mashahidi, kwahiyo siku ya kusaini mimi na wadogo zangu hatukuingia ndani.

Kazi ikawa kwa baba mdogo. Kusikia dada yangu ndo ameandikwa kutekeleza wosia akang'aka, kwamba shamba la ukoo linaenda kwa mtoto wa kike aliyeolewa Iringa! Shikamoo nyingi zilipita pale jamani. Wakili akamweleza taratibu, mzee wangu, huyu hapewi shamba, anakusanya mali, analipa madeni ya marehemu, kinachobaki anawagawia walioandikwa halafu anapeleka hesabu mahakamani. Bila wosia ukoo ungekaa kikao ukapendekeza msimamizi, mahakama ikamteua, na kazi yake ingekuwa hiyohiyo. Hapo akapoa, na mwishowe akakubali kuwa mmoja wa mashahidi wa ukoo, kitu ambacho mimi nakithamini kuliko karatasi yenyewe kwasababu yeye ndo angekuwa wa kwanza kupinga.

Wosia tumeuhifadhi kwa wakili, japo hata RITA, ule wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, wanatunza. Sasa baba kanunua kiwanja Uyole, anataka kiingizwe, na ni haki yake kubadilisha muda wowote akiwa hai na akili timamu. Alitaka aseme tu mbele ya wazee yaishe, nikamwambia hapana baba, wosia wa maandishi haufutwi kwa mdomo, tunarudi Tukuyu tukimaliza kuvuna.