Nukta ya Saa Sita na Nusu

Mitihani ilipokwisha, ratiba ya masomo ilibaki ukutani lakini hakuna aliyeifuata. Kengele ilipigwa, kipindi kikaisha, kingine kikaanza, na sisi tukawa palepale. Walimu walijifungia ofisini kujumlisha alama na kuandika ripoti. Sisi wa darasa la sita tuliachiwa kazi za kufunga mwaka: kukusanya vitabu vya shule na kuvihesabu, kugundisha majalada yaliyong'oka, kusugua madawati ili kuondoa majina tuliyoyaandika wenyewe tangu mwaka uanze. La kwangu lilikataa kutoka. Nilikuwa nimelichonga kwa ncha ya bikari, na mwaka uliofuata aliyelikalia dawati lile alinijua kwa jina kabla hatujaonana.

Yaliyobaki yalikuwa mazoezi ya kwaya, mazoezi ya igizo la siku ya kufunga shule, na uvivu.

Mwalimu wetu wa Sayansi hakuuvumilia uvivu ule. Asubuhi moja aliingia na mpini wa fagio bovu alioukata kwa msumeno, akaupima mbele yetu kwa ile rula ndefu ya ubaoni: mita moja kamili, ukiacha sehemu ya kuzama ardhini. Tukatoka naye hadi katikati ya uwanja, mahali ambapo hapakuwa na mti wala ukuta wa kuleta kivuli kingine. Mpini ukachimbiwa. Kisha akafunga jiwe kwenye uzi likawa timazi, akalininginiza kando ya mpini na kutuita mmoja mmoja tuangalie kama uzi na mpini vinakwenda sambamba. Ilichukua muda mrefu kuliko tulivyotaka.

"Kivuli cha mpini huu kitakuwa kifupi kuliko nyakati zote saa ngapi?" akauliza tuliporudi darasani.

Darasa zima likajibu kwa pamoja: saa sita! Hilo nani asiyelijua? Saa sita ni jua la utosi. Lugha yenyewe imekwisha kutufundisha: saa moja jua limetoka, saa sita liko juu, saa kumi na mbili linazama. Mwalimu akaandika ubaoni "saa sita", na mbele yake akaweka alama ya kuuliza. Tulidhani amesahau kuifuta.

Kazi ilikuwa rahisi. Kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa nane mchana, kila nusu saa mwanafunzi mmoja atoke na rula, apime urefu wa kivuli kwa sentimita, arudi aandike kwenye daftari lililokaa juu ya dawati la mlangoni. Zamu kumi na tatu. Yangu ilikuwa ya saa sita na nusu.

Sasa lazima niseme kuhusu igizo. Nilikuwa Fisi. Si nafasi ya heshima, kwa sababu kila mtoto anajua Fisi mwisho wake ni kuumbuka, lakini ina vichekesho vingi kuliko zote, na nilikuwa na mkia wa kamba uliofumuliwa nchani. Siku ile ya kupima, tulifanya mazoezi chumba cha mwisho. Nilianguka, nikalia, nikabembeleza, wenzangu wakacheka, nikarudia ili wacheke tena. Nilipokuja kukumbuka kivuli na kukimbilia darasani, saa ya ukutani ilisema saa saba kasoro dakika tano. Rula haikuwapo. Msichana wa zamu ya saa saba alikuwa amekwisha kuichukua, namwona kwa dirishani amesimama kando ya mpini, anasubiri muda wake utimie.

Daftari liko wazi. Mstari wangu mtupu.

Nakumbuka vizuri hesabu niliyoipiga, kwa kuwa niliionea fahari. Saa tano na nusu kivuli kilikuwa sentimita 46. Saa sita 39. Kimepungua saba. Saa sita ndiyo kikomo, kwa hiyo baada ya hapo kivuli lazima kirefuke. Kitarefuka polepole kwanza, tuseme nusu ya saba, ambayo ni tatu na nusu, tuizungushe iwe nne. Nikaandika 43. Hata mwandiko niliutuliza ili ufanane na wa mtu aliyetoka kupima.

Kesho yake tukatandaza karatasi ya manila sakafuni, Mwalimu akatuchorea mihimili miwili, wa saa na wa sentimita, na kila mwenye zamu akaja kuweka nukta yake kwa kalamu ya wino mzito. Asubuhi nukta zilianzia juu kabisa: saa mbili kivuli kilikuwa sentimita 260, zaidi kidogo ya mara mbili na nusu ya mpini wenyewe. Saa mbili na nusu 188. Saa tatu 143. Zikashuka kwa kasi, halafu kwa upole, mpaka 39 ya saa sita. Nikapiga magoti nikaweka yangu. Akafuata yule msichana wa saa saba: 39. Wa saa saba na nusu: 46. Wa saa nane: 57. Mwalimu akaziunganisha kwa mstari mmoja wa mkono.

Likatokea bakuli zuri, ila kama lililopigwa ngumi kwa chini. Pale ambapo tako lake lilipaswa kuwa, palikuwa na kinundu.

"Wingu," mmoja akasema.

"Wingu hufuta kivuli," Mwalimu akajibu. "Halikirefushi."

"Mpini ulilala."

Tukatoka na timazi. Mpini ulikuwa umesimama vilevile.

Ndipo kiranja akasema jambo ambalo wote walilikubali mara moja. Saa sita kivuli ni 39, saa sita na nusu kimerefuka kikawa 43, sawa kabisa. Kisha saa saba kinarudi 39? Kivuli hakirudi nyuma baada ya saa sita. Kwa hiyo aliyekosea ni wa saa saba.

Wote wakamgeukia. "Nilipima mara mbili," akasema. Hakuwa msemaji, na sauti yake iliishia njiani. Mmoja akamwambia labda alianza kwenye alama ya kumi badala ya sifuri. Mwingine akamwambia akapime macho. Mimi sikusema kitu. Hapana, niseme ukweli wote: nilitikisa kichwa pamoja na wenzangu, kama mtu anayeona hoja ya kiranja ina nguvu.

Mwalimu hakuhukumu. Aliichukua ile karatasi, akaikunja wima kwenye saa sita, akaisimamisha dirishani ili mwanga upite. "Kama saa sita ndiyo katikati," akasema, "basi saa tano na saa saba zingelingana." Nukta za kushoto na za kulia zilipishana ovyo, hakuna hata jozi moja iliyokutana. Akaikunjua, akaikunja tena, safari hii kwenye saa sita na nusu. Tukasogea. 57 ya saa tano ikakaa juu ya 57 ya saa nane. 46 juu ya 46. 39 ya saa sita juu ya 39 ya saa saba, mpaka zikaonekana nukta moja. Darasa likanyamaza. Na pale penye mkunjo wenyewe, juu ya mahali ambapo mstari ungepita, kulikuwa na nukta moja isiyo na mwenzake.

"Hii ni ya nani?"

Orodha ya zamu ilikuwa mfukoni mwake. Hakuitoa.

"Yangu, Mwalimu," nikasema. "Nilipima haraka."

"Basi kesho utapima taratibu."

Kesho yake alinikalisha uwanjani peke yangu kuanzia saa sita hadi saa saba, na saa ya mezani ya ofisini, kupima kila dakika tano. Wenzangu walikuwa kwenye igizo. Nilisikia mtu mwingine akilia kilio changu cha Fisi, na akilia vibaya. Nikaandika: 39, 38, 38, 37, 37, 36. Saa sita na nusu, 36. Dakika tano baadaye, bado 36. Ncha ya kivuli ilikuwa kama imechoka. Nililala kifudifudi, jicho kwenye rula, nikitafuta dakika ambayo kivuli kinageuka, na sikuipata. Kisha 37, 37, 38, 38, 39.

Mwalimu alikuja karibu na saa saba, akachuchumaa, akasoma namba zangu. Akaniambia dakika yenyewe huwezi kuiona kwa macho, kwa kuwa chini ya bakuli ni karibu tambarare. Unatafuta vivuli viwili vinavyolingana, kimoja kabla na kimoja baada, halafu unachukua katikati yake. Ule mkunjo wa karatasi, tena. Na katikati hiyo, akasema, ndiyo mchana halisi wa hapa ulipolala. Saa ya ukutani ni makubaliano ya watu. Dunia inajizungusha nyuzi 15 kwa saa, uzi mmoja kwa dakika 4, lakini eneo kubwa zima linatumia saa ileile ili watu waelewane. Aliye magharibi ya eneo hilo jua humfikia utosini baadaye. Juu ya hayo jua lenyewe, kulingana na majira, hutangulia au huchelewa hata robo saa hivi. Nilimsikiliza nusu nusu. Miaka mingi baadaye ndipo nilisoma kwamba mwaka 1884 wajumbe wa nchi mbalimbali walikutana Washington wakaichagua Greenwich, huko Uingereza, iwe mwanzo wa kuhesabia longitudo, na kitu cha kwanza kilichonijia kichwani ni mpini wa fagio.

Alinisimulia pia habari za Eratosthenes, mkuu wa maktaba ya Alexandria huko Misri, zaidi ya miaka 2,200 iliyopita. Alisikia kwamba huko Syene, ambayo leo ni Aswan, siku jua linapofika mbali kabisa kaskazini, mchana hakuna kivuli, jua linaingia hadi ndani ya kisima. Alexandria siku hiyohiyo kivuli kilikuwapo, na pembe yake ilikuwa sehemu moja ya hamsini ya duara. Basi umbali wa miji hiyo miwili, ukiuzidisha mara hamsini, ni mzingo wa dunia.

"Na hakuwa na saa ya ukutani," Mwalimu akasema. "Mchana aliujua kwa kivuli kuwa kifupi kuliko vyote. Yeye angeandika arobaini na tatu?"

Nikajua kwamba anajua. Nikamweleza yote: mkia, kicheko, ile saba iliyogawanywa kwa mbili. Nilitegemea mojawapo ya mambo mawili, fimbo au huruma. Alisimama, akakung'uta vumbi magotini.

"Unaniambia mimi kwa nini? Mimi sikusemwa kwamba sioni."

Akarudi kwenye ripoti zake.

Sikumwambia yule msichana siku ile. Wala iliyofuata. Nilijiambia nitamwambia kwenye kurudisha vitabu, halafu kwenye mazoezi ya kwaya. Ukiahirisha jambo kama hilo mara tatu, la nne hujiahirisha lenyewe.

Siku ya kufunga shule madarasa yalipambwa kwa kazi zetu. Karatasi ya manila ilibandikwa karibu na mlango. Mwalimu alikuwa ameongeza nukta ya kijani kwenye 36, na bakuli likapata tako lake, lakini nukta yangu ya 43 hakuifuta. Aliizungushia rangi nyekundu. Kisha akatangaza watakaosimama hapo kuwaeleza wazazi: mwenye saa saba na mwenye saa sita na nusu.

Igizo lilikuwa limemalizika muda si mrefu, na nilisimama pale nikiwa bado na masizi usoni na mkia nyuma. Yeye alieleza vizuri kuliko nilivyotarajia. Wazazi walitikisa vichwa, wakasifu, wakapita kwenda kuangalia michoro. Mpaka akaja baba yake mwenyewe, mikono nyuma, akasoma kila namba kama mkaguzi.

"Na hii nyekundu, wanangu?"

Msichana hakujibu. Alinitazama, si kwa ukali, alinitazama tu, na nikatambua kwamba nyumbani walikwisha kuisikia habari ya aliyeambiwa akapime macho.

"Hiyo ni yangu," nikasema. "Sikwenda kupima. Nilikuwa kwenye igizo, nikaitunga. Halafu wenzangu waliposema aliyekosea ni yeye, nikanyamaza."

Baba akanitazama kuanzia masizi hadi mkia. Midomo yake ilitikisika kidogo, sikujua ni hasira au kicheko.

"Ndiyo huyu Fisi?" akamuuliza binti yake.

"Ndiye," akasema. Alikuwa amekwisha kung'oa pini mbili za juu za karatasi. "Shika upande huo, usiachie. Baba, sogea hapa penye mwanga, nikuonyeshe tulivyoikunja."

Nikashika.