Hamburg walizuia dizeli mita 580, wengine tukaletewa moshi

Kila nikipiga simu nyumbani kuna mtu ataniuliza, eti huko Ulaya dizeli imepigwa marufuku mjini, na sisi Dar si tufanye hivyo hivyo? Mi nakaa Hamburg, upande wa Altona, kwahiyo ya huku naijua, ngoja niwape ilivyokuwa.

Tarehe 31 Mei 2018 Hamburg ndo ikawa mji wa kwanza Ujerumani kuzuia dizeli ambazo hazijafika Euro 6, yaani kiwango cha Ulaya cha usafi wa moshi wa gari, namba ikiwa kubwa gari ni safi zaidi. Ukisikia hivyo unawaza mji mzima, kumbe barabara mbili tu jamani. Max-Brauer-Allee kama mita 580 hivi, na Stresemannstraße kilomita 1.6, tena hiyo ya pili ni malori peke yake. Mita 580 hata sigara hujaimaliza. Na wanaoishi pale au wanaoleta mzigo walikuwa wanapita kama kawa.

Sasa kwanini pale? Kwasababu pale pana mashine ya kupima hewa. Sheria ya Umoja wa Ulaya ilisema nitrojeni dioksidi, gesi ya sumu kwenye moshi wa magari, isizidi maikrogramu 40 kwa mita ya ujazo, wastani wa mwaka mzima, na mashine ya pale ilikuwa inasoma juu ya hapo, halafu mahakama kuu ya utawala kule Leipzig ilishasema Februari mwaka huo huo kwamba miji inaruhusiwa kuzuia dizeli, basi wakazuia hapo hapo penye mashine. Wakaweka na vibao vya kumuelekeza dereva azunguke, na dereva akizunguka anaenda mbali zaidi, anachoma mafuta mengi zaidi, na anapita barabara za jirani ambako nako kuna watu na madirisha yao wazi. Huko hakuna mashine, basi hakuna tatizo.

Kukamata nako kulikuwa kichekesho. Euro 5 na Euro 6 huwezi kuzijua kwa macho, kwahiyo polisi ilibidi asimamishe gari moja moja akague kadi ya gari, faini yenyewe ilikuwa euro 25 kwa gari ndogo.

Ila kinachoniuma mimi ni wale walionunua. Nina jamaa yangu Mkenya, fundi wa vigae, alichukua van ya dizeli Euro 5 kwasababu serikali yenyewe inatoza dizeli kodi ndogo kuliko petroli na karatasi zinasema gari safi. Na kabla ya marufuku, 2015, ilishafichuka kwamba Volkswagen wameweka programu inayojua gari ikiwa kwenye vipimo, inapunguza sumu, ikirudi barabarani inaachia, magari milioni 11 duniani. Aliyedanganya kiwandani ni mwingine, aliyezungushwa na vibao ni fundi.

London mi naona walitumia akili zaidi. Hawakuzuia, wanatoza, pauni 12.50 kwa siku kwa dizeli ambayo sio Euro 6, kamera inasoma namba, na tangu Agosti 2023 ni mitaa yote ya London, kwahiyo hakuna kichochoro cha kukimbilia. Watu walikasirika mpaka wakawa wanakata kamera usiku, lakini angalau moshi hauhamishwi kwa jirani.

Sasa turudi Dar. Ukiamka kesho ukasema dizeli marufuku Kariakoo, mzigo wa Fuso utabebwa na nini, guta? 2016 daladala zilitolewa njia ya Morogoro kuja Kivukoni, lakini mabasi ya mwendokasi yalikuwepo, watu walipata cha kupanda, japo kwa kubanana. Kwahiyo mi ningeanza na yale malori na mabasi yanayotema moshi mweusi mpaka wa nyuma anawasha taa mchana, hayo hayahitaji mashine wala kadi, trafiki anayaona kwa macho yake akiwa amekaa kivulini, amsimamishe dereva, gari isiondoke mpaka itengenezwe, na sio yaishie kwa kushikana mikono.

Ya Max-Brauer-Allee yenyewe walishaifuta 2023.