Hamira ya lishe katika jiko la ughaibuni

Wengi wetu tuliohamia mbali tunaijua hamira ya lishe kwa sababu ya maziwa. Vyakula vya ugenini vimejaa jibini na krimu, tumbo linakataa, na mtu mmoja mnayeishi naye nyumba moja anakuonyesha pakiti ya chengachenga za manjano zenye ladha inayokaribia jibini, ila hazina maziwa. Anakuambia hizi ndizo zitakazokuokoa. Mimi zilinifikia kwa njia hiyo, na nimezipenda kwa dhati. Inaniuma kuona wageni wenzangu wakizinyunyiza mara moja juu ya saladi baridi, wakaona hazina ladha, kisha pakiti ikazeekea kabatini.

Hii ni hamira ya aina ileile inayoumua mkate na kuchachusha bia, Saccharomyces cerevisiae kwa jina la kisayansi. Hulishwa molasi, ule uji mweusi unaobaki sukari ikishatolewa. Ikiongezeka vya kutosha huvunwa, huoshwa, huuawa kwa joto, kisha hukaushwa. Kwa kuwa imekwisha kufa, ukiitia kwenye unga wa mkate haitaumua chochote. Na kinyume chake usijaribu: hamira hai ya mkate si ya kunyunyizia chakula, maana inaweza kuendelea kuchacha tumboni. Hamira ya bia nayo isikuchanganye. Mara nyingi ni masalia ya kiwandani yenye uchungu, na sosi yako itauonja uchungu huo.

Ladha yake inatokana na glutameti, kitu kilekile kinachofanya nyanya mbivu, uyoga na jibini lililokomaa vikolee mdomoni. Mwaka 1908 mwanakemia wa Kijapani, Kikunae Ikeda, aliitoa glutameti kwenye mwani wa baharini, akaiita ladha hiyo umami. Kwa mpishi, maana yake ni kwamba hamira ya lishe haiwezi kufanya kazi peke yake. Kwa asili ina chumvi kidogo sana, haina mafuta ya kutosha kubeba ladha, na haina ukali. Ipe chumvi, mafuta na tone la limau, ndipo utaisikia. Saladi ile baridi ilikosa vyote vitatu.

Chakula ninachowapikia watu wanaoionja kwa mara ya kwanza ni sosi ya viazi. Chemsha viazi viwili vya wastani na karoti moja mpaka vilainike kabisa. Vitie kwenye blenda pamoja na vijiko vinne vya hamira, punje ya kitunguu saumu, vijiko viwili vya mafuta, maji ya nusu limau na chumvi. Ongeza yale maji uliyochemshia kidogo kidogo, usage bila huruma. Ukiwa unaponda viazi vya kawaida, kusaga kupita kiasi kunaviharibu kwa sababu wanga wake hutoka na kunata. Hapa huo mnato ndio tunaoutafuta: sosi inavutika kama jibini lililoyeyuka, na karoti inaipa rangi. Mwagia tambi za moto au mboga zilizochomwa. Mwenye korosho azitie kiganja kimoja, sosi itakuwa nzito na tamu zaidi, ingawa hata bila korosho inatosha.

Kwenye supu na dengu ngoja mpaka unapokaribia kuepua, ndipo ukoroge vijiko viwili. Mchuzi mwepesi unapata uzito, na hata aliyezoea nyama haulizi imekwenda wapi. Ukiikausha kidogo kwenye kikaango kikavu hutoa harufu ya karanga, lakini simama pale pale. Ikiungua inakuwa chungu na hakuna cha kuinusuru. Kwa bisi, zipake mafuta kwanza, la sivyo hamira yote itakusubiri chini ya bakuli. Tena isage na chumvi iwe unga, inashika vizuri kuliko chenga.

Kuna jambo moja ambalo naomba kila asiyekula nyama, mayai wala maziwa alizingatie. Watu husema hamira ya lishe ina vitamini B12. Hamira yenyewe haitengenezi B12. Kiwanda ndicho kinachoiongeza. Zipo pakiti zilizoongezwa na zipo ambazo hazikuongezwa, na zinakaa rafu moja zikifanana rangi. Soma lebo. Mtu mzima anahitaji takriban mikrogramu 2.4 kwa siku. Upungufu wake unaweza kuchukua miaka kujitokeza, kwa kuwa ini huwa na akiba, na ukija unagusa damu na mishipa ya fahamu. Ndiyo maana sifurahi mtu anapoitegemea pakiti ambayo hakuisoma. Protini ndiyo ya kwake mwenyewe kwelikweli: karibu nusu ya uzito wake, ikiwa na asidi amino zote tisa ambazo mwili hauwezi kujitengenezea.

Mikojo ikigeuka njano ya kung'aa usishtuke, ni riboflavini (vitamini B2) iliyozidi inayotoka. Vitamini hiyo huharibiwa na mwanga, kwa hiyo chupa nzuri ya kioo dirishani si mahali pake. Iweke kabatini, imefungwa vizuri, kijiko kikavu tu ndicho kiingie. Unyevu ukipenya inashikamana mabonge. Joto kali la muda mrefu nalo hupunguza vitamini nyingine, thiamini na foleti, sababu nyingine ya kuitia mwishoni.

Anayeugua jongo azungumze kwanza na daktari, kwa kuwa hamira ina purini nyingi, vitu ambavyo mwilini hugeuka asidi inayochochea jongo. Na anayetumia dawa za mfadhaiko za kundi la MAOI asiitie mdomoni kabla ya kuuliza, maana vyakula vya hamira vinaweza kuwa na tiramini, ambayo ikikutana na dawa hizo hupandisha shinikizo la damu ghafla. Hili muulize pia mgeni wako kabla hujampakulia, kwa sababu ikishakorogwa kwenye mchuzi hakuna macho yatakayoiona.