Yaani, nanihii

Umeme umerudi saa nne na robo usiku, nami nimerudi mezani kumalizia faili lililonigombanisha mchana na mtu anayenilipa. Kazi yangu, kwa wasioijua, ni kusikiliza watu nisiowajua. Watafiti wanakwenda vijijini na kinasa sauti, wanahoji, wananitumia mafaili, mimi navaa hedifoni na kuandika neno kwa neno. Saa moja ya sauti hunila saa tano, au sita kama kuna upepo na kuku. Kuku ni adui mkubwa wa utafiti nchi hii, lakini hayo ni ya siku nyingine.

Safari hii ni wavuvi wa pwani ya kusini. Maelekezo ya mwanzo yalikuwa niandike kila kitu: kila "eee", kila kikohozi, kila kicheko, na kimya kikizidi sekunde tatu nikiwekee mabano. Nimefanya hivyo wiki tatu. Leo mchana ukaingia ujumbe wa sauti wa dakika moja na sekunde kumi na mbili. Wamebadili mawazo. Sasa wanataka "toleo safi", niondoe maneno yote yasiyo na maana. Nimeusikiliza mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu, maana kazi imeshanipa ugonjwa. Ndani ya dakika hiyo moja bosi kasema "yaani" mara tisa. "Yaani dada, yaani hizo yaani zote, yaani zitoe tu."

Nikafungua faili la mzee mmoja wa Kilwa Kivinje, nikaiamuru kompyuta initafutie "yaani". Zikaja 187, katika dakika hamsini na nane. Kubonyeza mara moja tu, zote zingeyeyuka. Nikaenda kuchemsha chai kwanza.

Neno lenyewe tulilipata kwa Waarabu, ambao kwao lina maana ya "inamaanisha", na wenyewe pia wanalitafuna mchana kutwa. Sisi tulilipokea pamoja na tabia zake. Tumelitafutia na mwenza, "manake", ambalo ni "maana yake" iliyochakaa kwa kutumika. Yote mawili yanaahidi maelezo. Mara nyingi maelezo yenyewe hayaji, na msikilizaji wala hadai.

Kwa muda mrefu niliamini yaani ni uvivu wa kufikiri. Mwalimu wetu wa Kiswahili sekondari alikuwa akituhesabia kwa vidole tukisimama kujieleza, akifika kumi unakaa. Nilikaa mara nyingi. Ila ukisikiliza watu kwa malipo miaka minne unaanza kuona kazi inayofanyika mle ndani. Mwaka 2009 ulitoka utafiti uliopima mazungumzo katika lugha kumi, Kijapani na Kidenmaki zikiwemo, ikaonekana kwamba baina ya swali la huyu na jibu la yule hupita, kwa wastani, kama sehemu ya tano tu ya sekunde. Kiswahili hakikuwemo, lakini nimekulia Tanga kwenye nyumba yenye shangazi wanne na sikuhitaji kupimiwa. Mle ukinyamaza kidogo kutafuta neno, zamu yako imekwenda, na hadithi yako inamaliziwa na mtu mwingine, tena kwa makosa. Yaani ni ndoo uliyoiacha kwenye foleni ya bombani. Umekwenda kuangalia mboga jikoni, lakini kila mtu anajua pale pana mwenyewe.

Nyumba hiyohiyo ndiyo iliyonilea kwa "nanihii". Mama angeweza kukwambia, "Hebu mwambie nanihii aninanihii ile nanihii kabla haijananihii," na ukaondoka ukafanya kilichotakiwa. Si mzaha. Mjomba alikuwa aitoe sufuria jikoni kabla haijaungua, na hukukosea. Neno hilo linakubali kiambishi chochote utakachokitia, linakuwa mtu, kitu au kitendo, na linafanya kazi palepale tu ambapo watu wameishi pamoja vya kutosha. Kwenye rekodi za utafiti nanihii ni shida tupu, kwa sababu mhojaji katoka mjini asubuhi ile na hajui nanihii ni nani.

Halafu kuna vile visivyo hata maneno. Tumefundishwa kwamba Kiswahili hakina toni, na kwa maneno ya kamusi ni kweli. Lakini jaribu kuandika midomo iliyofungwa. "Mm-hm" inayopanda ni ndiyo. "M-m" inayokatika katikati ni hapana. "Mmm" ndefu inayoshuka ni nimesikia, na "mh!" fupi ni makubwa haya, sitii neno. Mama mmoja muuza samaki alijibu maswali sita mfululizo bila kufungua mdomo, nami nilibaki na mstari wa M sita na kazi ya kuzitafsiri kwenye mabano. Msonyo nao nauandika [anasonya], ingawa kuna msonyo wa kumdharau mtu na msonyo wa kujuta mwenyewe, na mabano hayajui tofauti.

Mwaka 2013 watafiti watatu wa Nijmegen, Uholanzi, wakiongozwa na Mark Dingemanse, walitoa kazi inayosema kwamba ile sauti ya kuuliza usiposikia, "ee?" au "ha?", inafanana karibu kila lugha. Mwaka 2015 wakapewa Ig Nobel, tuzo ya utafiti unaochekesha kwanza ndipo ufikirishe. Nawaamini. Ila waje waulize watoto wa Tanga. Kwetu ukisemeshwa na mkubwa ukajibu "ee?", unasikia vizuri sana mara ya pili. Mimi ni "abee", kaka zangu ni "naam", na bibi, mpaka anafariki, akiitwa na mumewe alijibu "labeka" hata kama wamenuniana.

Sasa hili la "yasiyo na maana" ndilo linalonichoma. Nani kapima? Chukua Taarifa Rasmi za Bunge letu, zile zinazoitwa Hansard, fungua kikao chochote. "Mheshimiwa Spika" inaanza aya, inakatiza aya, inamalizia aya. Mbunge kasahau takwimu: Mheshimiwa Spika. Mbunge anageuza karatasi: Mheshimiwa Spika. Akikaa Mwenyekiti kwenye kiti, inabadilika papo hapo kuwa Mheshimiwa Mwenyekiti na kuendelea na kazi ileile. Zote zimechapwa na kuhifadhiwa, kwa sababu kanuni inataka mbunge aseme kwa kupitia kiti. Ni ndoo kwenye foleni, ila hii imevaa suti. Mvuvi naye angekuwa na wa kumwita Mheshimiwa, labda tungemwachia zake 187.

Chai ilipopoa nikaanza. Niliapa nitafuta moja moja, kwa kusikiliza, nisije nikaondoa kitu. Na kweli nusu saa ya kwanza ilikwenda vizuri. Mzee anaeleza pepo za kusi na kaskazi, bei ya wavu mpya wa jarife, vijana wanaokuja na kokoro, ule wavu wa kukokota, na kuzoa mpaka vitoto vya samaki. Yaani mbili tatu hapa, moja pale. Nikazitoa na sentensi zikasimama bila kuyumba. Nilianza kumwelewa bosi.

Dakika ya thelathini na tisa mhojaji anamuuliza kama amewahi kupata ajali. Naandika hapa kama nilivyoiandika mwanzo, bila kitu cha kumtambulisha mzee:

"Sasa pale, yaani, bahari ishachafuka. Yaani maji yanaingia, na mimi, eee, mimi ndiye nimeshika, nanihii, usukani. Yaani nikasema hapa tutoe maji. Yaani. Yaani nikageuka hivi, yaani, nimwambie mdogo wangu nipe upo. Yaani nageuka hivi. Hayupo."

Toleo safi: "Bahari ilichafuka, maji yakaanza kuingia. Nilikuwa nimeshika usukani. Niligeuka kumwambia mdogo wangu anipe upo, hayupo."

Yote yamo. Kama ungekuwa mchapaji wa ripoti usingelalamika. Lakini huyu wa toleo safi ni mtu anayesimulia ajali, amesimulia mara nyingi, maneno yamekaa kwenye foleni yake. Yule wa kwanza amerudi ngalawani na hataki kugeuka. Anageuka mara mbili. Kila yaani ni nafasi ya kutofika kwenye neno la mwisho, na amezitumia zote alizokuwa nazo.

Hapo kwenye "nipe upo" nilikuwa nimeweka alama ya kuuliza tangu wiki iliyopita, nikidhani nimesikia vibaya. Upo gani anapewa mtu? Nikampigia mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, mbona usiku?"

Nikamsomea ile sentensi. Hakufikiri hata kidogo. "Upo ni kile kikata cha kutolea maji chomboni. Babu yako alikuwa nao, wa mti. Alimwachia nanihii, yule wa Mwambani." Akaanza historia ya yule wa Mwambani, nami nikaanza kuchapa haraka kile cha upo kabla sijakisahau, nikawa kimya labda sekunde tano.

"Halo? Halo? Upo?"

"Nipo mama."

"Nikadhani mtandao."

Mtandao ulikuwa mzima. Nilichokuwa nimeacha ni "enhe". Mama anasimulia kwa namna hiyo, na nadhani wengi wetu: yeye anatoa mstari, wewe unatia "enhe", anatoa mwingine, unatia "ee", akifika patamu unatia "weee!" Ukiziondoa, hasemi tena. Nimewahi kumjaribu makusudi, nikakaa kimya kwa adabu kama nilivyofundishwa semina fulani ya kusikiliza, akaniuliza kama naumwa.

Nikarudi kwenye faili nikiwa na sikio jipya, nikasikia kitu nilichokuwa nimekiandika kwa mkono wangu bila kukisikia. Baada ya "hayupo", mhojaji anajibu. Ni kijana mpole, sauti nzuri, ana neno lake moja, na analitoa kila baada ya jibu. Bei ya jarife: sawa. Kokoro: sawa. Wamepata dagaa kidogo mwaka huu: sawa sawa.

"Hayupo."

"Sawa."

[kimya, sekunde 7]

Simlaumu sana. Nadhani wamemfundisha asioneshe hisia, na neno likishazoea mdomo hutoka lenyewe kama kwikwi. Mimi mwenyewe juzi mama kaniambia goti limeanza tena nikamjibu "sawa" huku natazama simu. Lakini nilitaka sana kulifuta lile sawa, na nikagundua kwamba hilo ndilo toleo safi lingelifuta kwa furaha. Kwenye karatasi ya bosi mzee angesimulia vizuri, na mhojaji asingekuwa amesema kitu. Mwenye kusitirika hapo siye mvuvi.

Kwa hiyo nimefanya hivi. Sehemu za nyavu, bei na pepo nimezisafisha kama nilivyoambiwa. Kuanzia dakika ya thelathini na tisa mpaka arobaini na nne nimeacha kila kitu, pamoja na sawa na zile sekunde saba, na pembeni nimeandika kwa rangi nyekundu kwamba sehemu hii sijaigusa na sitaigusa kwa malipo haya. Akitaka atafute mwingine. Kesho asubuhi nitaogopa kuufungua ujumbe wake, najijua.

Imebaki dakika moja tu ya faili. Mzee alishasema "basi, ndiyo hivyo" dakika ya hamsini na moja, kisha akaendelea na habari ya mazishi yasiyo na maiti. Akasema tena "ndiyo hivyo bwana" dakika ya hamsini na tano, akaendelea na habari ya shemeji yake, ambayo siiandiki hapa. Dakika ya hamsini na nane anasema mara ya tatu. "Basi. Ndiyo hivyo." Mhojaji anamshukuru, asante sana babu, kiti kinaburuzwa, kuku yule yule anapita karibu na kinasa. Mzee anavuta pumzi.

"Ila sasa, unajua..."

Faili linaishia hapo.